Nani Azoe Taka za Mtaa? Halmashauri, Mkandarasi na Kikundi cha Wakazi Mjini Moshi

Katika mitaa mingi ya Manispaa ya Moshi, ajenda ya taka hufika kwenye mkutano mkuu wa mtaa ikiwa imechelewa. Hufika wakati guba, yaani kituo cha kukusanyia taka za mtaa, limekwisha kufurika, mbwa wamekwisha kuchana viroba, na mwenyekiti anaulizwa kwa hasira kwa nini gari halijaonekana tangu wiki iliyopita. Katika hali hiyo wakazi hutakiwa kutoa kauli juu ya jambo zito ndani ya nusu saa: kazi ya kuzoa taka ibaki mikononi mwa halmashauri, apendekezwe mkandarasi, au iundwe timu ya wakazi wenyewe. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya wakazi, wajumbe wa kamati za mitaa na watendaji wanaokabiliwa na swali hilo, ili wakutane nalo wakiwa wamekwisha kulipima. Nilihudumu kwa miaka mitano katika kamati ya mazingira ya mtaa wangu, na mengi nitakayoyasema niliyaona huko kwa macho yangu.

Moshi ina sifa ya usafi inayojulikana nchi nzima, na sifa hiyo haikuja kwa bahati. Mji huu umeshika nafasi ya kwanza mara nyingi katika mashindano ya kitaifa ya usafi, na mgeni anayeshuka stendi kuu huonywa mapema kwamba kutupa hata ganda la muwa barabarani kunaweza kumgharimu faini ya shilingi 50,000. Hata hivyo faini hulinda barabara ya lami, ambako kuna wa kuona na wa kukamata, lakini haiwezi kuondoa kiroba cha taka kilichokaa siku tisa nyuma ya nyumba ya wapangaji. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 184,292 katika manispaa hii, na ile ya mwaka 2022 ikawahesabu 221,733. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya 37,000 katika miaka kumi, na wengi wao hawakwenda kuishi kwenye viwanja vikubwa vya Shanty Town, eneo la wenye uwezo licha ya jina lake.

Kabla ya kulinganisha, ni muhimu tuelewane juu ya jambo moja la kisheria ambalo mikutano mingi hulikosea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaziwekea mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu katika maeneo yao. Wajibu huo hauhami. Halmashauri inaweza kumpa mkandarasi kazi, inaweza kukipa kikundi kazi, lakini mwisho wa yote inayopaswa kujibu ni halmashauri yenyewe. Vilevile mtaa hauna mamlaka ya kujipangia ada ya taka, kwa kuwa ada huwekwa kwa sheria ndogo za halmashauri. Mkutano wa mtaa unaweza kupendekeza, kukataa, kudai taarifa na kuteua watu wake wa kufuatilia, na hayo si mambo madogo. Katiba, katika Ibara ya 146, inasema kwamba madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na kwa maoni yangu hakuna mahali ambapo maneno hayo yanapimwa kila wiki kama kwenye guba la taka.

Mipango mitatu inayoshindanishwa

Mpango wa kwanza ni halmashauri kuzoa yenyewe kwa magari na watumishi wake. Wakazi hupeleka taka kwenye guba au kwenye kontena lililowekwa kando ya barabara, au hulisubiri gari siku iliyopangwa, kisha gari hupeleka mzigo dampo. Ada hukusanywa na halmashauri kwa mashine ya kutolea risiti au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo.

Mpango wa pili ni mkandarasi, ambaye watu wengi humwita mzabuni. Hii ni kampuni iliyoshinda zabuni ya kata moja au zaidi, inayozoa nyumba kwa nyumba na ambayo mapato yake hutegemea ada za wakazi, ama kwa kuzikusanya moja kwa moja au kwa kulipwa kupitia halmashauri, kutegemea mkataba.

Mpango wa tatu ni kikundi cha wakazi wa mtaa husika, aghalabu wanawake na vijana, kilichosajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii na kuingia makubaliano na halmashauri. Kwa kawaida hutumia mikokoteni au maguta, yaani vyombo vya magurudumu matatu vya kubebea mizigo, kutoa taka majumbani hadi guba, na kutoka hapo halmashauri huzichukua kwa gari. Mpango huu una msaada wa kisheria ambao wakazi wengi hawaufahamu: kanuni za ununuzi wa umma zinatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, na halmashauri zinawajibika kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa nne, nne na mbili. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Guta na mabuti ni vifaa vya aina ambayo mkopo huo unaweza kununua.

Hesabu ya mtaa mmoja

Mabishano mengi mkutanoni huisha mara tu hesabu inapoandikwa ubaoni, kwa hiyo tuiandike. Chukua mtaa wa mfano wenye kaya 600, kila kaya ikiwa na watu wanne, yaani watu 2,400. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2018 kwamba mtu mmoja katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Kwa kiwango hicho mtaa wetu huzalisha takriban kilo 1,100 kila siku, na kwa wiki tani 7.7. Guta likibeba kilo 250 kwa safari, zinahitajika safari 31 kwa wiki, yaani zaidi ya tano kwa kila siku ya kazi, na hapo hatujasema lolote kuhusu kilima wala tope.

Sasa tuangalie taka zenyewe. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni zile zinazooza: maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya ugali, majani ya mboga. Moshi tuna bahati ambayo miji mingine haina, kwa sababu hapa ganda la ndizi bado lina mwenyewe. Kaya nyingi, hata zilizo katikati ya mji, zina ng'ombe wa ndani, nguruwe au migomba michache nyuma ya nyumba, na zile zisizo navyo zina jirani mwenye navyo. Nusu ya taka ikibaki nyumbani kama chakula cha mifugo au mboji, mzigo wa mtaa unashuka hadi chini ya tani nne kwa wiki, na safari za guta zinashuka kutoka 31 hadi 16. Hakuna mkandarasi, hakuna gari jipya, hakuna kikundi kitakachouletea mtaa nafuu kubwa kama hiyo kwa gharama ya ndoo moja ya ziada jikoni. Ninalisema hili kabla ya kulinganisha mipango kwa sababu mtaa unaochagua mzoaji kabla ya kutenganisha taka unachagua kulipia maji yaliyomo ndani ya maganda.

Kinachobaki baada ya hapo ni chupa na makopo, ambavyo waokotaji huvichukua wenyewe kwa kuwa vina bei, halafu nailoni, vitambaa na pampasi. Pampasi ndiyo taka ngumu kuliko zote kwa mzoaji wa mkokoteni, na kaya zinazochanganya pampasi na maganda ndizo zinazoharibu kazi ya mtaa mzima.

Kufika mlangoni

Kuhusu njia, ulinganisho ni mwepesi. Gari la halmashauri au la mkandarasi hufika palipo na barabara ya kupita gari. Shanty Town, ambako barabara ni pana na viwanja ni vikubwa, gari hupita geti kwa geti bila shida. Katika sehemu za Pasua na Njoro zenye vichochoro ambamo hata bajaji hugeuza kwa tabu, gari hubaki barabara kuu na mwenye nyumba ya ndani ndiye anayebeba. Nani hubeba? Mtoto kabla ya kwenda shule, au mama mwenye mtoto mgongoni, na asipowahi kulisikia gari, kiroba hurudi nyumbani au huishia mtaroni. Masika yakifika, mtaro huo huo hupeleka kila kitu chini, kwa jirani wa bondeni na hatimaye mtoni.

Guta na mkokoteni huingia mahali ambapo gari haliingii. Hapo kikundi kinashinda waziwazi. Lakini ushindi huo unaishia kwenye guba. Dampo la Moshi kwa miaka mingi limekuwa Kaloleni, na hakuna mtu mwenye huruma atakayemwambia mwanamke asukume mkokoteni hadi huko kutoka kila kona ya mji. Wenzetu wa Arusha wana dampo la kisasa la Muriet, lililojengwa kupitia mradi wa kuboresha miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, lakini kwa mkazi wa Sakina au Sekei, Muriet ni upande wa pili wa jiji. Kikundi kisichokuwa na ahadi ya maandishi ya gari la halmashauri kuliondoa guba kwa siku zinazojulikana hugeuka kuwa kikundi cha kuhamisha uchafu kutoka uani kwenda barabarani. Nimeona kikundi chenye bidii kikilaumiwa na mtaa mzima kwa guba ambalo hakikuwa na uwezo wowote wa kuliondoa.

Fedha

Hapa ndipo mahali pa kutulia, kwa maana mipango yote mitatu hufa kwa ugonjwa mmoja, nao ni fedha zisizoonekana.

Turudi kwenye mtaa wetu wa mfano. Tuseme sheria ndogo imeweka ada ya shilingi 2,000 kwa kaya kwa mwezi. Kaya zote 600 zikilipa, zinapatikana shilingi 1,200,000. Wakilipa nusu, zinapatikana 600,000. Kikundi chenye wazoaji wanne wanaofanya kazi nusu siku kwa posho ya shilingi 150,000 kila mmoja kinamaliza shilingi 600,000 kwa posho peke yake, na hapo hakuna glavu, hakuna tairi la guta, hakuna akiba. Wakilipa 500 kati ya 600, zinapatikana shilingi milioni moja, na zile 400,000 zinazobaki ndizo zinazogeuza kazi ya kubahatisha kuwa huduma. Kwa hiyo tofauti kati ya mtaa msafi na mtaa mchafu inaweza kuwa kaya 200 ambazo ama zimekataa kulipa au hazijawahi kuombwa.

Kwa nini kaya hazilipi? Sababu ya kwanza ni ile ya nyumba za wapangaji, na nashangaa jinsi inavyojadiliwa kidogo. Nyumba moja yenye vyumba sita inaweza kuwa na kaya sita zinazopika kwa majiko sita, lakini kwenye orodha ya ada inahesabiwa nyumba moja. Mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam na anasema wapangaji walipe, wapangaji wanasema ada ya taka ni ya mwenye nyumba kama ilivyo kodi ya jengo, na mkusanyaji anaondoka bila kitu. Halmashauri, yenye orodha iliyoandikwa ofisini, mara nyingi haijui kwamba vyumba hivyo vimeongezeka. Mkandarasi anajua, lakini hapendi ugomvi, hivyo huandika anayelipa na kumruka asiyelipa. Kikundi cha mtaa kinajua hadi jina la mpangaji aliyehamia Jumapili. Ujuzi huo una thamani ya fedha, na ndiyo nguvu kubwa ya kikundi kuliko hata guta lake.

Sababu ya pili ni kutoiona huduma. Katika mtaa wetu tuliwahi kuwa na kampuni moja iliyofanya kazi vizuri miezi ya kiangazi. Masika yalipokuja, gari lake liliacha kuingia upande wa chini kwa wiki tatu kwa sababu ya tope, jambo ambalo lingeweza kueleweka kama lingeelezwa. Lakini mkusanyaji wa ada alikuja tarehe ile ile ya kila mwezi, kwa miguu, akapita kwenye tope lile lile, na kudai fedha kamili. Watu wa chini wakakataa kulipa. Mwezi uliofuata kampuni ikasema haiwezi kuleta gari kwa kuwa upande huo hawalipi, nao wakasema hawawezi kulipa kwa kuwa gari haliji. Tulikaa na duara hilo miezi minne. Kilicholivunja hakikuwa barua yoyote. Tulibandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, tukaiandika kila tarehe ya kuzoa na kila kichochoro, na mama mmoja wa kila kichochoro akapewa jukumu la kuweka alama siku gari lilipofika na siku ambayo halikufika. Kampuni ilipoona kwamba watu wanaweka kumbukumbu, ilikubali kupunguza madai ya zile wiki tatu, na malipo yakarudi taratibu.

Karatasi ile ilinifundisha kwamba swali la nani anamiliki gari lina uzito mdogo kuliko swali la nani anashika daftari. Chini ya halmashauri, mkazi analipa kwa namba ya kumbukumbu na fedha zinaingia moja kwa moja katika akaunti ya serikali. Hilo ni salama dhidi ya wizi wa mkononi, nami nauheshimu utaratibu huo, lakini fedha zikishaingia huko huchanganyika na mapato mengine, na mtaa hauwezi kuuliza kiasi gani kilitoka kwake na kiasi gani kilirudi kama huduma. Chini ya mkandarasi, hesabu ni ya kampuni. Chini ya kikundi, daftari liko mtaani, linaweza kufunguliwa mkutanoni, na mkazi anaweza kulisoma jina lake.

Lakini daftari lililo karibu nalo huweza kuchezewa na walio karibu. Nakumbuka kikundi cha wanawake 12 kilichozoa vizuri kwa muda mrefu, kisha kikavunjika ndani ya wiki mbili kwa sababu watu wawili ndio walioshika fedha na hakuna mwingine aliyewahi kuona hesabu. Wazoaji wenyewe, waliokuwa wakiamka saa kumi na moja alfajiri, ndio waliokosa posho ya miezi miwili. Asiyekuwa tayari kuweka watu watatu tofauti kwa kukusanya, kutunza na kukagua fedha asipendekeze kikundi.

Nani anaweza kumwondoa mzoaji

Kipimo hiki sikisikii mara nyingi mikutanoni, nami nakiona kuwa kizito kuliko vyote. Mzoaji anaposhindwa kazi, mkazi wa kawaida anaweza kufanya nini, na itachukua muda gani?

Chini ya halmashauri, malalamiko hupita kwa mtendaji wa mtaa, kisha kata, kisha afisa afya au idara ya usafi, au hupelekwa na diwani kwenye vikao vya baraza. Njia ipo, tena ni ya kidemokrasia, kwa kuwa diwani na mwenyekiti wa mtaa wote wanachaguliwa. Uchaguzi wa mwisho wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Lakini hakuna anayeweza kuiondoa halmashauri kazini kwa kuchelewesha gari, na gari moja likiharibika, kata kadhaa husubiri kipuri kimoja. Kwa upande mwingine, halmashauri haifilisiki wala haikimbii, na hakuna mwingine mwenye uwezo wa kusafisha soko la Mbuyuni jioni moja baada ya siku ya mauzo makubwa.

Mkandarasi anaweza kuondolewa mkataba ukiisha au ukivunjwa, lakini wanaotia saini mkataba huo ni halmashauri na kampuni, wala si mtaa. Mkazi anayelipa kila mwezi si mhusika wa mkataba. Dar es Salaam ilipitia somo hili mapema: mwaka 1994 kata 10 za katikati ya jiji zilikabidhiwa kwa kampuni moja binafsi, na miaka michache baadaye kazi ikagawanywa kwa kampuni na vikundi vingi zaidi. Eneo likiwa kubwa na kampuni ikiwa moja, anayeumia ni yule wa mwisho kwenye njia ya gari, na sauti yake haifiki mahali mkataba ulipo. Ubora wa mkandarasi uko kwingine: ana gari lake, ana mtaji wa kununua mafuta hata kabla ada hazijakusanywa, na kampuni nzuri hufuata ratiba kwa uaminifu ambao kikundi huhitaji miaka kuujenga.

Kikundi kinaweza kuhojiwa Jumamosi hii hii. Wanachama wake wanakaa nasi, wanasali nasi, watoto wao wanasoma na wetu. Ukaribu huo hufanya kazi haraka kuliko barua, ingawa una madhara yake pia: jirani huona haya kumshitaki jirani, na mwenye jina kubwa mtaani huweza kukataa kulipa akijua kwamba hakuna kijana wa kikundi atakayemdai. Ndiyo maana adhabu ya asiyelipa lazima ibaki kwa mtendaji wa mtaa na sheria ndogo za halmashauri. Tusiwabebeshe wazoaji kazi ya polisi.

Neno moja kuhusu wazoaji wenyewe. Katika mipango yote mitatu nimewaona watu wakizoa kwa mikono mitupu, wakikutana na sindano, chupa zilizovunjika na pampasi. Mtumishi wa halmashauri ana angalau mwajiri anayejulikana. Kibarua wa kampuni na mwanachama wa kikundi mara nyingi hawana bima ya afya wala fidia wanapojikata. Mtaa unaopendekeza mpango wowote una haki ya kuuliza, kabla ya ada, kama kuna glavu, mabuti na chanjo ya pepopunda.

Ushiriki wenyewe

Ni kawaida yetu kuhesabu ushiriki kwa mafagio. Tangu Siku ya Uhuru ya mwaka 2015, ambayo gwaride lake lilibadilishwa kuwa siku ya usafi nchi nzima, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilipowekwa kuwa siku ya usafi, watu hutoka, maduka huchelewa kufunguliwa, mitaro huzibuliwa. Ni jambo jema na naliunga mkono. Lakini anayefagia mara moja kwa mwezi bila kuona mkataba wala hesabu ameshiriki katika kazi tu, hajashiriki katika uamuzi. Katika mpango wa halmashauri ushiriki huelekea kuwa wa mafagio. Katika mpango wa mkandarasi huelekea kuwa wa kulipa. Kikundi peke yake hulazimisha mkutano kujadili hesabu, kwa kuwa asiyejadili atajikuta guba limejaa na hakuna wa kumlaumu isipokuwa mtaa wake.

Kuhusu mkutano, saa yake huamua nani atasikika. Ukiitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, watakuja wazee na wenye nyumba. Akina mama wa sokoni na wapangaji vijana, ambao ndio wanaobeba viroba, hawatakuwapo. Sisi tulipohamishia mkutano wa taka Jumapili alasiri, idadi ya wanawake waliozungumza iliongezeka mara moja, na pendekezo la kutenganisha taka jikoni lilitoka kwao.

Ningechagua nini

Mtaa wa viwanja vikubwa na barabara pana, ambako kila geti ni kaya moja na mwenye nyumba anaishi ndani, uchague mkandarasi. Ukusanyaji wa ada ni rahisi, gari linafika, na kikundi hakitaongeza faida kubwa. Maeneo ya masoko, stendi na barabara kuu yabaki kwa halmashauri, na hapo sioni haja ya kubishana.

Mitaa ya vichochoro na ya wapangaji, ambako wengi wetu tunaishi, ichague kikundi, lakini kisiwe kikundi peke yake. Kinachofaa ni kikundi kuzoa kutoka mlangoni hadi guba, na halmashauri kutoa kutoka guba hadi dampo, kila upande ukiwa na wajibu wake kwenye makubaliano yaliyoandikwa. Ada ilipwe kwa namba ya kumbukumbu, si mkononi, ili wazoaji wasitembee na fedha na risiti iwe ya halali. Sehemu ya kikundi ilipwe kila mwezi kwa tarehe inayojulikana. Orodha ya kaya iandaliwe na kikundi pamoja na mtendaji, kaya kwa kaya na si nyumba kwa nyumba, na makubaliano yaeleze kwamba mwenye nyumba ndiye anayedaiwa iwapo mpangaji amehama bila kulipa. Guba liwe na siku mbili za kuondolewa kwa wiki, na gari lisipokuja, kikundi kiwe na haki ya kusimamisha uzoaji bila kukatwa malipo.

Ningeomba pia mpango huo uanze kwa miezi sita ya majaribio, ukianza kabla ya masika ili mvua za Machi hadi Mei ziupime, kwa kuwa mpango unaojaribiwa kiangazi hautaeleza lolote kuhusu upande wa chini. Mwezi wa kwanza usiwe wa kuzoa kabisa. Uwe wa kupita kila jiko na kueleza ndoo mbili, kujua nani ana ng'ombe anayehitaji maganda, na kuandika kaya. Mwisho wa kila mwezi karatasi ibandikwe ukutani mwa ofisi ya mtaa ikiwa na safu nne tu: kaya zilizopaswa kulipa, zilizolipa, fedha zilizolipwa kwa kikundi, na siku ambazo gari lilifika gubani. Baada ya miezi sita mkutano uitishwe Jumapili alasiri, karatasi zote sita zisomwe kwa sauti, na wakazi wapige kura kuendelea, kurekebisha, au kuiomba halmashauri imtafute mkandarasi.